Kiti cha mtoto katika mradi wa useremala: ulimi na tundu, doweli, skrubu au plaiwudi?

Ukiletewa kiti cha mtoto kilicholegea, anza kukikagua pale upau wa pembeni (ubao unaounganisha mguu wa mbele na wa nyuma chini ya kikalio) unapoingia kwenye mguu wa nyuma. Mara nyingi ubovu uko hapo. Mtoto akijisukuma nyuma hadi miguu ya mbele ikanyanyuka, mguu wa nyuma unageuka wenzo, kama mtaimbo wa kung'olea kitu: mgongo wa mtoto unasukuma takribani 200 mm juu ya kiungio, na kiungio chenyewe kina kimo cha 45 mm tu cha kushindana naye. Gawanya 200 kwa 45, utaona nguvu inafika pale ikiwa imezidishwa zaidi ya mara 4.

Njia 4 zinalinganishwa hapa: ulimi na tundu (ncha ya upau iliyopunguzwa unene, iingie kwenye tundu la mguu), doweli (vijiti vya duara vinavyoingia kwenye mbao zote mbili), skrubu na gundi, na plaiwudi yenye mifuo (mifereji inayopokea ukingo wa ubao mwingine). Kwa hiyo zote zinaulizwa swali moja kwanza: zitastahimili vipi kwenye viungio viwili vya nyuma? Baada ya hapo ndipo yanakuja maswali ya darasa, yaani muda uliopo, vifaa vilivyomo karakana na mkono wa mwanafunzi umefikia wapi.

Kiti tunacholinganishia

Kiwango cha Ulaya cha samani za shule, EN 1729, kinaweka kimo cha kikalio kuwa 260 mm kwa mtoto mwenye urefu wa sm 93 hadi 116, na 310 mm kwa mwenye sm 108 hadi 121. Hapa tumechukua 260 mm. Kama mtoto atakayekikalia yupo, mpime akiwa amevaa viatu, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kikalio kiwe sawa na kipimo hicho au pungufu kidogo. Kikizidi, miguu inaning'inia na ukingo wa mbele unambana mapaja.

Vipande vya kiti kimoja, kwa njia ya ulimi na tundu:

- miguu ya mbele 2: 32 × 32 × 245 mm
- miguu ya nyuma 2: 32 × 45 × 520 mm
- upau wa mbele na upau wa nyuma: 22 × 60 × 296 mm kila mmoja
- pau za pembeni 2: 22 × 60 × 253 mm
- pau za chini za pembeni 2: 22 × 32 × 253 mm
- papi (vibao vyembamba) za kikalio 4: 15 × 62 × 320 mm
- papi za mgongo 2: 15 × 70 × 320 mm

Urefu wa pau umejumlisha ndimi za 20 mm kila ncha. Ukitumia doweli, toa 40 mm: zinabaki 256 mm na 213 mm. Upana wa nje wa kiti ni 320 mm, na kina chake miguuni ni 290 mm.

Mguu wa nyuma haukatwi kwa kupinda. Mguu uliopinda ukitolewa kwenye ubao ulionyooka, nyuzi za mbao hukatika njiani palepale kwenye kona, na mguu hupasuka kwa mstari huo hata kama kiungio ni kizima. Badala yake, kuanzia usawa wa kikalio kwenda juu, uso wa mbele wa mguu unapunguzwa kwa randa taratibu hadi kileleni zibaki 25 mm kati ya 45. Papi za mgongo zikipigwa juu ya uso huo zinalala nyuma kwa kama digrii 4. Kwa kiti cha kimo hiki hiyo inatosha, na nyuzi zinakwenda moja kwa moja kutoka sakafuni hadi juu.

Mara nyingi wanafunzi huomba kuziacha pau za chini ili kuokoa muda. Wakatalie. Upau wa chini ukiwekwa kitovu chake kiwe 90 mm kutoka sakafuni, mguu wa nyuma unashikwa sehemu mbili zilizoachana kwa 125 mm, na mzigo haulali tena wote kwenye kiungio cha juu. Kiti cha doweli chenye pau za chini tungekiamini kuliko cha ulimi na tundu kisicho nazo.

Kwa jicho moja

| Njia | Vipindi vya dakika 80 kwa anayeanza | Kisichoweza kukosekana | Kiungio cha nyuma | Kosa linaloharibu kazi |
|---|---|---|---|---|
| Ulimi na tundu | 8 hadi 10 | Patasi kali, geji (kifaa cha kuchorea mstari sambamba na ukingo), msumeno wa meno madogo | Imara kuliko zote | Ulimi uliolegea |
| Doweli | 4 hadi 5 | Drili na kiolezo cha kuongozea biti | Imara, kama doweli zimeachana vya kutosha | Tundu lililohama 1 mm |
| Skrubu na gundi | 3 | Drili, bisibisi | Hutegemea: ubavu kwa ubavu ni nzuri, kwenye kichwa cha mbao ni dhaifu | Mbao kupasuka nchani |
| Plaiwudi yenye mifuo | 4 hadi 5 | Msumeno ulionyooka, au mashine | Hakipo, kwa sababu ubavu wa kiti ni kipande kimoja | Mfuo mpana kuliko ubao |

Ulimi na tundu

Nguvu ya njia hii ni eneo la gundi. Ulimi wa kimo cha 45 mm ulioingia 20 mm una mashavu mawili (nyuso zake pana), jumla 1,800 mm² za mbao zilizogusana ubavu kwa ubavu. Doweli mbili za 8 mm zilizoingia kina hichohicho zina takribani 1,000 mm², na ndani ya mguu sehemu ya eneo hilo inagusa nyuzi zilizokatwa, ambako gundi hufyonzwa na kushika vibaya.

Unene wa ulimi ni theluthi ya upau. Kwa upau wa 22 mm hiyo ni kama 7 mm, lakini kipimo cha mwisho kinatolewa na patasi: kama karakana ina patasi ya 8 mm, ulimi ni 8 mm na mabega (sehemu inayokatwa kando ya ulimi) ni 7 mm kila upande. Geji inafungwa kufuata makali ya patasi. Ukifanya kinyume chake utakuta tundu halilingani na kifaa chochote ulicho nacho.

Miguu yote 4 ibanwe pamoja, nyayo zikiwa sawa, na mistari ya matundu ichorwe mara moja kwa kisu na skwea. Miguu ya mbele iachwe mirefu kwa 20 mm kileleni hadi siku ya mwisho. Tundu linaanza 15 mm tu kutoka juu, na bila nyongeza hiyo patasi hupasua kichwa cha mguu. Upau nao unapewa bega la 15 mm upande wa juu, ndiyo maana ulimi ni 45 mm na si 60.

Toa kwanza sehemu kubwa ya mbao kwa biti ya 7 mm, umefunga utepe kwenye biti kuonyesha 22 mm, kisha nyoosha kuta kwa patasi. Hizo 2 mm za ziada chini ya ulimi zina kazi. Gundi inayosukumwa mbele isipopata pa kukaa, ulimi unagoma kufika mwisho na bega linabaki wazi, na hata ukaze klampu namna gani halifungi.

Makosa ya wanaoanza yanajulikana. La kwanza ni kukwangua kwa kuegemeza patasi kwenye ukingo wa tundu: mdomo unakuwa mviringo na nafasi inaonekana hata baada ya rangi. La pili ni kukata ulimi juu ya mstari badala ya upande wa taka. Unene wa msumeno unakula ulimi, na kiungio kinacheza. Gundi nyeupe ya mbao haijazi mwanya, inashika tu mbao zilizogusana. Ulimi uliolegea unaweza kuokolewa kwa kubandika utepe mwembamba wa mbao kwenye shavu lake, nyuzi zikifuata za ulimi, kisha kuupunguza kesho yake. La tatu ni kinyume cha hilo: ulimi mnene kupita kiasi, unaopigwa nyundo hadi mguu unapasuka kwa urefu. Kipimo chetu ni hiki: ulimi uingie nusu kwa kusukumwa na mkono, na nusu iliyobaki kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mti.

Kwenye miguu ya mbele ndimi mbili hukutana ndani. Kata ncha zake kwa digrii 45 ili zipishane kama kona ya fremu ya picha. Nyuma hakuna haja hiyo ikiwa upau wa nyuma umesogezwa hadi uso wake ulingane na mgongo wa mguu. Nafasi inayobaki inaruhusu hata kuurefusha ulimi wa upau wa pembeni hadi 25 mm, tundu likiwa 27 mm. Hizo 5 mm ni za thamani kuliko nyingine zote za kiti hiki, kwa kuwa ziko mahali panapovunjika.

Doweli

Doweli haidai patasi. Inadai usahihi wa kutoboa, na kiti hiki kina viungio 12, doweli 24, matundu 48. Tundu moja likihama 1 mm upau hauingii, au unaingia umepinda. Kutoboa kwa jicho tupu tungekataza kabisa. Tengeneza kiolezo: kipande cha mbao ngumu cha unene wa 25 mm, kilichotobolewa matundu mawili ya 8 mm kwa drili ya mezani, chenye ukuta mdogo wa kukiegemeza kwenye kona ya mbao. Kiolezo kimoja kinatosha kundi la wanafunzi 4 au 5. Matundu yake yakianza kulegea, kitupwe kichongwe kingine.

Upande mmoja wa kila kipande uandikwe alama, na kiolezo kiegemezwe upande huo daima. Likitokea kosa la nusu milimita litajirudia pande zote mbili za kiungio na mbao zitakutana sawa.

Doweli za 8 × 40 mm zinaingia 20 mm kila upande, tundu likiwa na kina cha 21 au 22 mm. Ziwe na mikwaruzo ya urefu. Doweli laini inafanya kazi ya pampu: inasukuma hewa na gundi hadi chini, na mguu wa 32 mm unatoa ufa. Kama umekata mwenyewe kutoka fito ya duara, ipitishe kwenye meno ya koleo au ichore mifereji miwili kwa msumeno.

Kwenye mguu wa mbele doweli za upau wa mbele na za upau wa pembeni zitagongana zikiwekwa usawa mmoja. Upau wa mbele utobolewe 14 na 38 mm kutoka juu, wa pembeni 26 na 50 mm. Kwa kufanya hivyo doweli za upau wa pembeni zimeachana 24 mm tu, na ile hesabu ya wenzo inakuwa 200 kwa 24, zaidi ya mara 8. Mbele haina madhara makubwa. Nyuma ina madhara. Kwa kuwa nyuma pau hazigongani, zitenganishe doweli za pembeni ziwe 12 na 48 mm kutoka juu. Zimeachana 36 mm, na hesabu inashuka hadi karibu mara 5.5. Ndiyo kusema kiolezo kimoja hakitoshi, na cha nyuma kipakwe rangi tofauti kisichanganywe.

Tundu lililokosewa halipanuliwi. Lizibe kwa doweli yenye gundi, likate sawa na uso, toboa upya siku inayofuata.

Skrubu na gundi

Hii ndiyo njia ya haraka, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Kosa ni kupitisha skrubu katikati ya mguu hadi kwenye kichwa cha upau. Kichwa cha mbao ni mwisho wa nyuzi. Meno ya skrubu yanazikata badala ya kuzishika, na baada ya miezi ya kutikiswa tundu linakuwa unga.

Kama skrubu ndiyo chaguo, badili muundo ili mbao zilaliane. Pau za pembeni zinakuwa 290 mm na zinalazwa upande wa ndani wa miguu. Upau wa mbele na wa nyuma zinakuwa 320 mm na zinapigwa nje. Papi za kikalio zipanuliwe hadi 66 mm ili zifunike upau wa mbele. Skrubu za 4 × 45 mm zinapita upau wa 22 mm na kuingia 23 mm ndani ya mguu, zikishika ubavu wa nyuzi. Kila makutano yapate skrubu 2, moja juu ya nyingine, kwa mshazari kidogo ili zisiwe kwenye uzi mmoja. Skrubu za pande mbili zinazokutana ndani ya mguu mmoja zipishane kwa kimo angalau 10 mm.

Upau unatobolewa tundu la 4.5 mm, skrubu ipite bila kushika. Mguu unatobolewa 2.5 mm kwa mbao laini, 3 mm kwa ngumu. Wanafunzi hutoboa saizi moja pote, kisha wanashangaa kwa nini upau haubanwi kwenye mguu: meno yameshika mbao zote mbili na kuziacha na nafasi katikati. Kwa mbao ngumu, paka uzi wa skrubu sabuni au nta, la sivyo kichwa kinakatika.

Gundi iwepo hata hivyo. Skrubu ndiyo klampu ya kudumu, gundi ndiyo inayobeba. Bila gundi, mbao ikikauka na kusinyaa kidogo skrubu inalegea na kiti kinaanza kulia.

Kwa alama za mtihani wa vitendo, njia hii inamnyima mwalimu kitu cha kupima. Kuna upimaji, ukataji na usafi wa uso, basi.

Plaiwudi yenye mifuo

Hapa hakuna mguu wa nyuma wa kuvunjika. Ubavu mzima wa kiti, kutoka sakafuni hadi juu ya mgongo, ni kipande kimoja cha plaiwudi ya 18 mm, cha 290 × 480 mm, kilichopunguzwa mbele. Tabaka zake zimepishana nyuzi, hivyo hakipasuki upande mmoja. Vipande vingine ni kikalio cha 290 × 296 mm, mgongo wa 180 × 296 mm na pau 2 za kukazia chini ya kikalio, 80 × 284 mm. Karatasi ya 1220 × 2440 mm inatoa viti 5 bila kubanana, na kwa darasa kubwa hapo ndipo penye unafuu.

Kikalio na mgongo vinaingia kwenye mifuo ya kina cha 6 mm iliyochimbwa kwenye mbavu. Plaiwudi inayoitwa ya 18 mm mara nyingi ni pungufu kidogo, 17.5 mm au chini ya hapo. Mfuo ukichimbwa kwa namba iliyoandikwa, kikalio kinacheza. Chukua kipande chenyewe, kilaze mahali pake, chora pande zake kwa kisu. Mkato huo wa kisu unazuia pia tabaka la juu lisichanike wakati wa kusaga mfuo.

Usipige skrubu kwenye ukingo wa plaiwudi karibu na ncha. Tabaka zinaachana na ukingo unavimba. Kama ni lazima, toboa 2.5 mm, kaa 50 mm mbali na kona, na bana ukingo kwa klampu wakati unakaza.

Udhaifu wake ni kingo: zina vibanzi, na plaiwudi hafifu ina mapengo ndani yanayojitokeza palepale mtoto anaposhika. Zungusha kingo zote kwa tupa na msasa hadi ziwe na mviringo wa kama 3 mm, na ziba mapengo kabla ya rangi. Kiti chenyewe kinakuwa kizito kuliko cha miguu minne, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka mitatu anayekiburuta huku na huku si dogo.

Ipi kwa darasa lipi

Kwa darasa ambalo halijawahi kukata ulimi na lina vipindi 6, hatungechagua njia moja. Tungechanganya. Viungio viwili vya pau za pembeni na miguu ya nyuma vifanywe kwa ulimi na tundu, vyote 10 vilivyobaki kwa doweli. Upau wa pembeni unakuwa 238 mm: ulimi wa 25 mm nyuma, ncha iliyokatwa mraba mbele. Ulimi na doweli zinaelekea njia moja, kwa hiyo fremu ya ubavu inafungwa kwa mkupuo mmoja bila tabu. Mwanafunzi anajifunza patasi kwenye matundu mawili badala ya 12, na matundu hayo mawili yako mahali panapostahili jasho.

Vipindi vikiwa 10 na patasi zinanolewa kweli, fanya ulimi na tundu kote. Patasi butu ikiwa ndiyo iliyopo, usianze: butu hudai nguvu, nguvu humfanya mwanafunzi aweke mkono mbele ya makali.

Vipindi 3 na drili mbili: skrubu, kwa muundo wa mbao kulaliana. Wanafunzi 40 na msumeno wa mezani unaoendeshwa na mwalimu au fundi: plaiwudi, kila kundi likipokea vipande vilivyokatwa na kubaki na mifuo, kingo na gundi.

Kuhusu aina ya mbao, njia nazo zina upendeleo. Msonobari unakatika vizuri kwa doweli na skrubu lakini kuta za tundu la ulimi hubonyea kwa patasi isiyokata vizuri. Mbao ngumu hutoa tundu safi lakini hupasuka kwa skrubu isiyotobolewa njia. Kwa yote mawili, fundo lisiwe ndani ya 50 mm kutoka kiungio, na mbao iwe imekauka: ulimi uliokatwa kwenye mbao mbichi utakuwa umelegea kabla ya muhula kwisha. Papi za kikalio ziachane 4 mm. Nafasi ya kati ya 7 na 12 mm iepukwe popote kwenye kiti, kidole kidogo huingia kisha hakitoki.

Siku ya gundi

Kwa ulimi na doweli, unganisha kwanza mbavu mbili, kila moja ikiwa na mguu wa mbele, wa nyuma, upau wa juu na wa chini. Ziache zikauke, kisha ziunganishe kwa upau wa mbele na wa nyuma. Anayejaribu kufunga viungio vyote 12 kwa mara moja atashindwa, gundi nyeupe inaanza kushika ndani ya dakika 10 hivi. Fanya jaribio kavu kwanza, klampu zikiwa zimefunguliwa kwa upana unaohitajika.

Pima mishazari miwili ya fremu. Ikitofautiana kwa zaidi ya 2 mm, sogeza klampu kuelekea mshazari mrefu hadi ilingane. Karakana isiyo na klampu ndefu itumie kamba iliyozungushwa mara mbili na kunyongwa kwa kijiti, na vipande vya kadibodi konani ili kamba isichimbe mbao. Nusu saa hadi saa moja ikiwa imebanwa, na saa 24 kabla ya mtu kukikalia.

Skrubu haina siku ya gundi ya namna hii, kila kiungio kinajibana. Plaiwudi inafungwa kwa mara moja, na klampu 4 zinatosha.

Kiti kikitikisika baada ya kukauka, usikate mguu mmoja kwa kukisia. Kiweke juu ya ubao ulionyooka kabisa, tia vipande vya karatasi chini ya mguu unaoelea hadi kitulie, kisha zungusha penseli iliyolazwa juu ya kijiti cha 5 mm kwenye miguu yote 4. Kata yote kwa mstari huo.

Mwisho ni msasa namba 80, 120, kisha 180, kufuata nyuzi, na vanishi ya maji mara 2 au 3. Mabaki ya gundi yaondolewe kwa patasi yakiwa kama mpira, kabla hayajakauka, maana vanishi haipenyi penye gundi na doa jeupe hubaki. Ukichagua mafuta ya kitani, matambara yaliyotumika yaanikwe yakiwa yametandazwa au yaloweshwe maji: yakikunjwa na kurundikwa hupata joto yenyewe hata kuwaka moto.

Kikilegea baadaye

Skrubu ndiyo rahisi kutengeneza: ikaze. Tundu likiwa limechakaa, jaza vibanzi vya mbao vilivyochovywa gundi, subiri kesho, toboa upya. Doweli iliyoachia hukatwa na kutobolewa ndani yake yenyewe kwa biti ya saizi ileile, ikawekwa mpya. Ulimi uliolegea unatolewa, gundi ya zamani inakwanguliwa hadi mbao ionekane, kwa kuwa gundi mpya haishiki juu ya ile iliyokauka, kisha unaongezwa unene na kurudishwa. Plaiwudi iliyoachana tabaka karibu na mfuo haitengenezeki vya kuaminika. Chora ubavu mpya kwa kutumia ule wa zamani kama kiolezo, na uhamishie kikalio na mgongo humo.